Sabini

Jana usiku kitindamimba wangu alinijia na kopo lake la maharage na daftari la sayansi. Wameambiwa waoteshe maharage kwenye pamba, kila siku wapime urefu kwa rula na kuandika.

"Baba, Jumapili tulikuwa kwa shangazi. Sikupima. Niandike ngapi?"

Jumamosi ilikuwa sentimita 9, Jumatatu 12. Hapo katikati hata kuku angebahatisha. Nikamwambia asubiri kidogo, chai yangu ipoe. Chai ilikuwa imepoa tangu taarifa ya habari.

Mlionifahamu enzi za deli jekundu la barafu, nikipima ubora wa maji ya Ziwa Victoria, mnajua ninakoelekea.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Nino. Kila mwezi tulizunguka vituo vitano vya Ghuba ya Mwanza. Tulianzia mdomo wa Mto Mirongo, ambako nusu ya mji ilikuwa inanawia miguu yake, tukapita Capri Point, kisha vijighuba vya upande wa Mkuyuni. Wavuvi wa kokoro wakituona na madaftari yetu walidhani ni bwana samaki kaja na msako, wanatupa nyavu wanakimbia. Tukipita wanarudi.

Kila kituo tulipima joto, tukapima oksijeni, tukachota chupa mbili za sampuli, mwisho tukashusha sahani. Ni duara la bati la sentimita 20, limepakwa robo nyeupe robo nyeusi, limefungwa kamba yenye alama. Unaishusha upande wa kivuli cha boti mpaka ipotee machoni, unasoma kamba. Unaivuta mpaka ionekane tena, unasoma. Wastani wa hizo mbili ndio jibu. Mwani ukizidi majini, sahani inapotea mapema. Na mwani chakula chake ni mbolea za mashambani, sabuni, na vyoo vyetu. Aliyeibuni sahani hiyo ni padre wa Kitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865. Nilipomsimulia hayo nahodha wetu, mzee aliyeanza kuvua ziwa lile kabla sijazaliwa, akaibatiza sahani ya padre. Yeye alikuwa anatazama tu kasia lake linavyofifia majini, anataja namba kabla yangu. Akikosea, anakosea kwa vidole vitatu.

Siku hiyo vituo vitatu vilikwenda salama. Cha nne kilikuwa ndani ya kijighuba, na tulipokunja kona ziwa halikuwepo.

Yalikuwepo magugu maji. Upepo wa usiku ulikuwa umeyasukuma yote mle ndani, ukayabana, yakawa uwanja wa kijani toka mwamba hadi mwamba, maua ya zambarau juu, ndege mweupe anatembea kama yuko shambani kwa baba yake. Gugu lenyewe lilitushukia na Mto Kagera, na wakati ule wataalamu walikuwa wameanza kufuga mbawakawa wa kulitafuna. Hao wa kwetu sijui walikuwa wameshiba.

Mzee akajaribu kupenya. Mita kumi hivi, mashine ikakohoa, ikazima. Akainyanyua: mizizi imejisokota kwenye pangaboi kama nywele kwenye kitana. Akachukua panga, akawa anakata taratibu, anatupa mafungu ndani ya boti, na kila fungu linadondosha konokono wadogo wanaotambaa kuelekea miguuni kwangu. Mimi mguu juu, mguu chini, nawaza kichocho.

Alipokata fungu la mwisho, pakafunguka tundu kama mdomo wa sufuria. Nikachungulia. Maji yalikuwa meusi, si ya kijani kama kwingine. Harufu ya yai viza ikapanda mpaka kooni. Samaki mmoja, furu, alikuwa pale juu, mdogo kama kidole, kinywa nje, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga. Sikumbuki nilimtazama muda gani. Nakumbuka kwamba kipimo cha oksijeni kilikuwa mapajani mwangu, waya wake umekunjwa vizuri, na sikuukunjua.

Sababu ninazo. Sampuli za kwanza tulizichota saa moja asubuhi, na za vijidudu vya kinyesi hazitakiwi kuzidi muda wa saa sita kabla ya kufika maabara. Barafu ilishaanza kuwa maji. Nilikuwa na njaa. Tena nilijiambia kwamba kituo chenyewe kiko mbele zaidi, hapa si kituo, hapa ni magugu tu.

Nikafungua ukurasa wa mwezi uliopita. Kituo cha 4: sentimita 70. Nikaandika 70. Oksijeni nayo nikainakili, nikapunguza kidogo ili isifanane.

"Umeandika ngapi, bwana maji?"

"Sabini, mzee."

Akalitazama lile tundu, ambalo lilikuwa limeanza kujifunga. "Haya. Maji yako mazuri kuliko yangu." Akavuta kamba ya mashine.

Mwaka uliofuata niliukuta mchoro wa vipimo vyetu umebandikwa ukutani kwenye ofisi moja. Mstari wa kituo cha nne ndio ulionyooka kuliko yote. Mgeni mmoja akausifu.

Basi jana nikamwambia mtoto, "Jumapili acha wazi. Andika hukupima."

"Mwalimu atakata maksi."

"Atakata."

"Kwa hiyo niache tu?"

Nilitaka kumweleza habari za yule furu, nikaona muda wa kulala umefika. Leo asubuhi, kabla hajaamka, nimelifungua daftari. Siku zote zimeandikwa kwa wino wa bluu. Jumapili ina 10 na nusu, kwa penseli, hafifu, hata ukilishika daftari vibaya huioni. Raba ilikuwa palepale mezani. Nimelirudisha kwenye mkoba wake.