Kodi ya miezi sita

Mablanketi tuliyapeleka Kariakoo mwezi wa pili. Cheka tu, sisi wenyewe tulishajicheka. Mwezi wa pili Dar, ule wa kulala sakafuni huku feni inakupulizia hewa ya moto, wanafunzi kumi na wawili wa ustawi wa jamii tunashuka kituo cha Gerezani na mablanketi mazito thelathini tuliyoyachangia wenyewe. Mtu alikuwa ametuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya watu wanaolala nje katika nchi ya theluji, na sote tukaitikia amina.

Kesho yake usiku, kwa wale wanaolala nje tuliowagawia, hatukuona blanketi hata moja. Yameuzwa yote. Mwenzetu mmoja alinuna, akasema hawa watu hawasaidiki. Kwenye baraza la duka la vitambaa, Mtaa wa Mchikichi, alikuwa amekaa mama wa makamo anakunjua khanga yake. Akamwangalia, akamuuliza kwa upole kabisa, "Sasa baba, mchana ningelivaa?"

Hana kabati. Mwenye duka akifungua asubuhi, barazani hatakiwi mtu wala mzigo. Blanketi lile alilitoa kwa shilingi 6,000, na ukiniuliza leo, uamuzi wake wa kuliuza ulikuwa na akili kuliko wetu wa kulinunua. Shida yake ilikuwa mbu. Hakuna kati yetu aliyefikiria chandarua.

Jina lake silitaji, nitamwita Mama Mchikichi. Nilimzoea nilipokwenda fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, wiki nane, kwenye kikundi kidogo kinachozunguka Kariakoo usiku mara tatu kwa wiki. Kazi ilikuwa kukaa na watu, kuongea, asubuhi kumsindikiza mgonjwa zahanati, na kujaza dodoso. Dodoso langu lilikuwa na kurasa nne. Swali la sita: makazi ya kudumu. Nikamuuliza hivyo hivyo lilivyoandikwa. Akapiga kofi sakafu ya baraza.

"Andika hapa. Mwaka wa tatu huu. Wewe chuoni uko mwaka wa ngapi?"

"Wa pili, mama."

"Basi mimi wa kudumu kuliko wewe."

Maboksi anayajua kama wengine wanavyojua magodoro. La friji ndilo lenyewe, karatasi yake nene na unajinyoosha mpaka mwisho. La televisheni fupi, miguu inabaki nje. Ya viatu ni ya kuzibia upepo tu. Anaokota jioni wenye maduka wakifunga, analilalia, na saa kumi alfajiri analikunja kwa magoti, analipeleka kwa wanaonunua maboksi kwa kilo. Kitanda kinageuka chai. Lakini mvua ikipiga upande wa barazani amepoteza vyote viwili kwa usiku mmoja, kwa sababu boksi lililolowa mwenye mizani halitaki.

Saa kumi na moja yuko kwa mama ntilie, anaosha vyombo mpaka jioni. Analipwa 5,000 na chakula. Yaani huyu mtu ana kazi. Mimi nilikwenda fildi nikiwa na picha kichwani ya mtu aliyekaa anasubiri kupewa, na wiki ya kwanza nzima nilikuwa namtafuta huyo mtu simpati.

Usiku mmoja nikageuza dodoso nyuma tukapiga hesabu. Choo cha kulipia mara tatu kwa siku, 300 kila mara, 900. Kuoga 500. Begi lake linalala stoo ya mtu, 1,000. Mlinzi wa duka 500 (si mtu mbaya, huwa anamwamsha akiona vijana asiowaelewa). Kuchaji simu 300. Jumla 3,200 kwa siku. Kwa mwezi 96,000. Chumba kimoja Kigogo, ambako angeweza kwenda na kurudi kwa miguu, aliulizia akaambiwa 40,000.

Nilirudia kujumlisha nikidhani nimekosea. Najua choo cha mchana angekilipia hata akiwa na chumba chake. Kitoe, bado mtu analala nje kwa zaidi ya mara moja na nusu ya bei ya kulala ndani.

"Sasa mama, kwa nini hukuchukua?"

"Elfu arobaini ninayo. Wanataka miezi sita."

Miezi sita ni 240,000, na dalali anataka mwezi wake, 280,000 kwa mkupuo. Akishatoa gharama zote na 1,000 anayomtengea mwanawe aliyeko kwa bibi yake Handeni, anabaki na 800. Ni siku 350, asiumwe hata moja. Aliwahi kufikisha 150,000. Alikuwa akiziweka kwa mama ntilie wa zamani, na huyo akahama na sufuria zake na daftari lake.

Kwenye simu hathubutu kuweka, laini ina jina la mtu mwingine. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, ukitaka laini yako unatakiwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Fomu ya NIDA inataka muhuri wa serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa itakuuliza wewe ni mpangaji wa nani. Anarudi pale pale kwenye miezi sita. Hata ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, tuliousoma darasani mpaka tukauota, neno lenyewe ni kaya. Yeye hana kaya ya kunusuriwa, ana baraza.

Kitu kingine nilichokiona kwa macho: gari la doria likipita, waliolala wote huinuka wakakaa. Aliyekaa anasubiri basi, aliyelala ni mzururaji. Muhula uliopita tulifundishwa kwamba tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Niliandika kwenye daftari nikapata alama nzuri. Pale Mchikichi hiyo habari haijafika, watu bado wanainuka.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niandike. Baba yangu ana vyumba vinne vya uani, Mbagala. Miaka yote kodi ikiingia anakaa mezani na bahasha zake, na bahasha ya kwanza ni ada yangu. Anapokea miezi sita, haipungui. Nilikuwa najua, ila sikuwahi kulifikiria. Nikampigia.

"Baba, kwani mtu akilipa mwezi mwezi kuna nini?"

"Akinikimbia na bili ya maji nimfuate wapi?" Kisha akanyamaza kidogo. "Na huko chuoni wanapokea ada kwa mwezi?"

Sikuwa na jibu, nikaaga.

Ilipita kama wiki, akapiga mwenyewe. Chumba kimoja kimebaki wazi, mlete huyo mama yako, atalipa mwezi mwezi, dalali hayumo. Nilifurahi mpaka nikapanda gari saa mbili usiku peke yangu, kitu ambacho msimamizi wangu alikuwa ameshatukataza.

Mama Mchikichi alikuwa na boksi la friji, jipya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akashukuru sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Kazini naanza saa kumi na moja alfajiri. Mbagala nitoke saa ngapi, kwa gari gani? Na nauli kwenda na kurudi, hujaiweka kwenye hesabu yako."

Kweli, sikuiweka. Nikatoa kalamu.

"Iache, mwanangu, nishapiga mimi," akasema, huku anatandaza. "Mpe baba yako salamu. Mwambie akijenga Kigogo anishtue."