Siku moja na fundi wa redio kaseti

Saa mbili asubuhi nafungua kibanda changu hapa Tanga. Hadi saa nne redio mbili zimeshaondoka: moja waya wa spika, nyingine betri zilivujia ndani.

Ndipo anaingia mzee na redio kaseti kwapani. "Fundi, hii inakula kanda." Kanda yenyewe ni taarabu ya harusi ya dada yake, C120, yaani ya dakika 120. Naguna. Ili dakika 60 zienee kila upande, utepe wake umefanywa mwembamba sana, kwa hiyo unavutika na kujikunja upesi.

Watu hudhani kazi hii ni bisibisi tu. Kwanza natia kanda yangu kwenye mashine yake: sauti inayumba, mara inavuta, mara inakimbia. Kisha kanda yake kwenye mashine yangu: sauti kama inatoka chini ya godoro. Basi ubovu uko kotekote.

Nafungua. Roli ya mpira inang'aa mafuta.

"Mzee, nani katia mafuta humu?"

"Mimi. Ilikuwa inalia, nikatia ya cherehani kidogo."

Kidogo! Yamefika mpaka kwenye belti. Roli hiyo ndiyo inayoubana utepe kwenye kijiti cha chuma, upite mbele ya hedi, ile inayosoma sauti, kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Ikiteleza, mwendo unapotea. Utepe ukinata, unajiviringisha humo humo.

Pamba na spiriti, nasugua mpaka pamba itoke nyeupe. Belti imelegea, natafuta nyingine kwenye boksi la mizoga. Mzee kaniinamia begani, kaniziba mwanga, mwanawe anapiga simu kutoka Dar kila saa, naye anamjibu: "Bado, fundi anahangaika." Nahangaika!

Sijui ni saa ngapi nilipoigeukia kanda. Ganda lake limegundishwa, halina parafujo, kwa hiyo nalibandua kwa wembe, polepole. Kisponji kinachousukuma utepe uguse hedi kimedondoka. Nachomoa cha kaseti mbovu, nahamishia utepe wote kwenye ganda la parafujo. Shingo inauma. Wali wangu umepoa, alasiri imeshaadhiniwa.

Inaimba. Mzee anatikisa kichwa, kisha anauliza bei.

"Elfu kumi na tano? Pamba na spiriti?"

"Na belti, mzee wangu. Na macho yangu."

Analipa kumi na mbili. Mlangoni kijana kashasimama na spika ya bluetooth, eti imeingia maji kidogo.