Vipepeo wa Bukavu: kwa nini siangalii rangi kwanza

Kwenye ua wowote wa lantana hapa Ibanda, jua likishapanda, hakosi kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Nilikuwa namwandika Danaus chrysippus papo hapo. Baadhi yao sio. Jike la Hypolimnas misippus huvaa vazi lilelile, maana ndege humwepa Danaus kwa sumu aliyoila akiwa kiwavi kwenye mimea ya utomvu mweupe. Tena kila mmoja ana aina yenye bawa la nyuma jeupe na aina isiyo na ncha nyeusi. Rangi hapo haisaidii kitu.

Sasa naanza na bawa la nyuma. Danaus ana vidoa vyeusi vitatu katikati yake. Dume ana cha nne, kikubwa zaidi, chenye weupe ndani: hicho ni kifuko cha harufu, na anayekihesabu pamoja na vingine hudhani amepata spishi nyingine. Hypolimnas ana doa moja tu, kwenye ukingo wa mbele wa bawa la nyuma. Bawa la mbele hupenda kulifunika, kwa hiyo mpige picha pia akiwa amefunga mabawa, maana upande wa chini linaonekana vizuri.

Picha mbili basi, juu na chini, simu ikiwa sambamba na bawa. Ukiinamisha simu, umbo la bawa hupotoka na kipimo kinakuwa cha uongo. Rula iwe kwenye kimo kilekile cha bawa, na upime bawa la mbele kutoka shinani hadi nchani, kwa milimita.

Nikiokota aliyekufa, naangalia mishipa. Tone la alkoli ya famasi kwa brashi laini, upande wa chini, na magamba, yaani ule unga wa rangi wa bawa, yanakuwa kama kioo kwa muda mfupi kabla halijakauka. Kwenye bawa la nyuma la Danaus, chumba cha kati kimezungushiwa mshipa pande zote. Cha Hypolimnas kiko wazi kuelekea ukingoni. Usitumie maji: hayapenyi magamba. (Ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega usiokote chochote bila kibali, hata mzoga.)

Mabawa yakigoma kabisa, hesabu miguu. Jike la Papilio dardanus lisilo na mkia huiga Amauris niavius, nyeusi kwa nyeupe, hadi unachoka. Papilio husimama kwa miguu sita. Amauris kwa minne, ile ya mbele ikiwa imekunjwa kifuani.

Mikia nayo isikudanganye. Charaxes wengi wana miwili kila bawa la nyuma, lakini ndege huikata. Linganisha kushoto na kulia: palipokatika ukingo huwa na meno, na mstari wa rangi unaishia ghafla.

Precis octavia ni mwekundu wakati wa mvua na wa buluu kiangazi, ila vidoa vyeusi vilivyopangwa mstari karibu na ukingo vinabaki. Vile vidogo vya manjano vya kwenye majani, Eurema, naviandika kwa jenasi tu, yaani jina la kwanza la kisayansi. Kwa picha peke yake, spishi zake nyingi hazitenganishiki, na anayetaja jina kamili hapo anabahatisha.