Bluu Tuliyopewa na Zanzibar

Meli ya Nansio ilitoka Bandari ya Mwanza Kaskazini asubuhi, Jiwe la Bismarck likabaki nyuma yetu. Nilikaa karibu na mlingoti, bendera ya taifa ikipigwa na upepo wa Ziwa Victoria. Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu anayerudi kwake Ukerewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha mkono juu.

"Mwanangu, ile bluu haikutoka huku kwetu."

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, na Luteni Alexander Nyirenda akasimika bendera mpya kileleni Kilimanjaro, rangi zilikuwa kijani, nyeusi na michirizi ya dhahabu, zikifuata zile za chama cha TANU. Maji hayakuwemo. Nchi yenye karibu nusu ya ziwa hili, yenye maziwa ya Tanganyika na Nyasa mipakani, ilipeperusha bendera kavu!

Bluu ilikuja na Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Visiwani walikuwa na bendera ya bluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Aprili 26 mwaka huohuo nchi mbili zikaungana, na bendera ya Muungano ikaanza kutumika Juni 30. Kijani cha ardhi kilikaa juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili, na katikati ukapita mkanda mweusi wa watu, umepakana na njano ya madini. Madini yenyewe hayako mbali: dhahabu ya Geita iko ng'ambo ya maji haya haya.

Jambo hili lilinigusa sana. Kenya na Uganda tunachangia nao ziwa, na wote wana nyeusi ya watu kwenye bendera zao, lakini bluu hawana. Sisi tunayo kwa sababu ya ndugu wa bahari, na kwa mvuvi wa Ukara au mama anayeanika dagaa Igombe, hiyo bluu ndiyo riziki. Shuleni nilikaririshwa tu kwamba ni bahari, maziwa na mito.

Nikamuuliza yeye alikuwa akifundishaje.

"Niliwachoresha kwanza ya Tanganyika, halafu ya Zanzibar. Ya Muungano ilikuwa ya mwisho. Aliyeiruka moja, nilimwanzisha upya."