Kawa, Sahani Moja na Dirisha la Kusini

Jamaa mmoja mwenye studio hapa Tanga aliniambia hisia haipatikani kwenye picha mpaka umpige picha mtu, tena awe analia au anacheka. Mwingine akasisitiza ninunue taa ya duara kwanza. Wa tatu, nilipomwonyesha picha ya kikombe kitupu juu ya meza, akanishauri niweke maua ya plastiki pembeni "ichangamke". Naandika haya kwa sababu najua wapo wanaoambiwa hayo hayo sasa hivi, na walicho nacho ni simu tu na vyombo vya mama zao.

Mimi nilitaka kupiga picha ya kusubiri. Mtu anayesubiri sikumhitaji, nilitaka kusubiri kwenyewe. Kwetu pwani, mtu akichelewa kurudi chakula chake hakiliwi. Kinapakuliwa, kinafunikwa kawa, kile kifuniko cha kusukwa, kinawekwa. Sahani iliyofunikwa mpaka saa nne usiku ina wasiwasi wake, na kila aliyelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo anaujua. Kawa nililipata sokoni Ngamiani kwa elfu chache, limesukwa kwa ukili wa zambarau na wa rangi ya asili. Sahani ni ya nyumbani, ya bati, imebanduka ukingoni.

Sasa nieleze lile la dirisha, maana ndilo lililonitesa. Karibu kila fundisho nililosoma linasema: tumia dirisha linalotazama kaskazini, mwanga wake ni laini kutwa. Ilikuwa Juni. Nikahamisha meza, nikasukuma kochi, nikatandika mkeka chini ya dirisha la kaskazini. Jua likaingia moja kwa moja kupitia nondo, likachora mistari juu ya sahani kama ngazi. Zambarau ya kawa ikapiga kelele, ukingo wa sahani ukaungua ukawa weupe mtupu usio na chochote ndani yake. Nikangoja mchana, yale yale. Alasiri, yale yale. Nikatundika chandarua dirishani, mistari ikafifia lakini doa la jua likabaki pale pale katikati ya mkeka.

Mafunzo yale yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita kaskazini mwetu, kwa hiyo miezi hiyo dirisha tulivu ni la kusini. Desemba mambo hugeuka. Katika wote walionishauri, hakuna hata mmoja aliyewahi kulitaja hilo! Nikahamia chumba cha nyuma, kinachotazama kusini, penye ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Mwanga ukaja umepoa.

Hata hivyo kawa lilitoka bapa. Kuta za chumba ni nyeupe, mwanga ulikuwa unadunda na kurudi kila upande. Hapo ndipo nilipotoa kaniki, ile nguo nyeusi, kabatini, nikaianika kwenye kamba upande usio na dirisha, karibu kabisa na sahani, kiasi cha kuigusa. Kaniki ilimeza mwanga wote uliokuwa ukidunda. Upande mmoja wa kawa ukazama gizani, na upande wa pili kila ukili ukainuka na kivuli chake chembamba, ukaweza kuhesabu mishono. Jambo hili nalipenda kuliko taa yoyote inayouzwa dukani.

Kilichobaki kilikuwa kupunguza. Niliondoa kitambaa cha meza, bilauri, kijiko. Sahani nikaisogeza pembeni ya fremu, ile nafasi tupu nikaiacha upande wa mlango, maana huko ndiko anakotazamiwa mtu kutokea. Simu yenyewe hupenda kung'arisha kila kitu, kwa hiyo shikilia kidole kwenye kioo, juu ya kawa, mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha ushushe mwanga mpaka kivuli kiwe kivuli. Niliiegemeza kwenye pakiti za unga.

Shangazi yangu aliiona picha ile kwenye simu kabla sijasema neno. Akaniuliza, "Nani hajarudi, mwanangu?" Kisha akaanza kunisimulia nyakati ambazo mumewe alikuwa baharini na dau halionekani. Hakuna uso kwenye picha ile, wala chozi. Mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliipiga picha pilipili hoho mwaka 1930, akiwa ameiweka ndani ya faneli ya bati, na mpaka leo watu huitazama kama mwili wa binadamu. Mpiga picha mwingine, Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wa kulia kwenye vita ya kwanza ya dunia, alipiga picha za bilauri na mayai dirishani kwake. Kwa hiyo yule wa studio asinitishe.

Kupiga picha ya ugomvi ni rahisi zaidi. Vikombe viwili vya chai, vishikio vimegeuziana mgongo, kimoja kimejaa na utando umeshatanda juu. Geuza kishikio kimoja tu kielekee chenzake, tayari wamepatana. Jaribu mwenyewe.

Furaha ndiyo iliyonichukua muda mrefu, kwa sababu kila mtu alinisukumia rangi na mapambo. Niliipata Idd, baada ya watu kunyanyuka: sinia tupu, punje chache za pilau, na vipande vya ndimu vilivyokamuliwa, kila kimoja kikiwa mbele ya alipokaa aliyekikamua. Unaiona duara nzima ya walaji. Hapo kaniki niliiondoa, nikafungua mlango, nikaegemeza manila nyeupe upande wa pili ili vivuli vilegee. Nikapanda juu ya kigoda na kupiga kutoka juu, haraka, kabla sinia halijaenda kuoshwa.