Kiitaliano cha Mlimani: Wanafunzi wa Malindi Katika Barabara ya Stelvio

Hapa Malindi Kiitaliano huokotwa ufuoni. Tangu Waitaliano walipoanza kufika miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, na baada yao watalii na wenye hoteli, vijana wengi wamejifunza lugha hiyo midomoni mwa wageni, hata mtu ambaye hajawahi kukaa darasani anaweza kukuuzia samaki kwa Kiitaliano bila kukwama. Mimi na wenzangu tulikisoma vitabuni. Tulipopata nafasi ya kukiendeleza kaskazini mwa Italia, tuliamua kutumia siku za mapumziko kuipanda kwa baiskeli barabara ya Stelvio, inayovuka milima ya Alps, na nawaandikia wanafunzi watakaotufuata kwa sababu naamini kwa dhati kwamba barabara ile ilitufunza mambo ambayo darasa halikuyagusa.

Stelvio hufika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Ilijengwa kati ya 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, kwa ajili ya milki ya Austria iliyotaka kuiunganisha Lombardia na Tirol, wakati ambapo dola moja iitwayo Italia ilikuwa bado haijazaliwa. Kutoka Prato, kijiji kilicho chini ya mlima, hadi juu ni takriban kilomita 24, mpando wa mita zipatazo 1,800, na kona kali 48 zenye vibao vya nambari, ambazo huhesabiwa kwa kupungua kadiri unavyopanda. Sisi tuliozoea kunyonga baiskeli kuvuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, na kuuita mlima ule mwinuko wa kuelekea Marafa, tulilazimika kujifunza upya namna ya kupumua.

Lakini lililotushangaza zaidi lilikuwa lugha. Katika vijiji vya upande wa Prato tulisikia Kijerumani madukani, Kijerumani kanisani, Kijerumani kwa watoto waliokuwa wakicheza njiani. Mkoa wa Bolzano, ambamo Prato imo, ulikuwa sehemu ya Austria hadi Vita Vikuu vya Kwanza, na mpaka leo wakazi wake walio wengi huzungumza Kijerumani nyumbani, huku vibao vya barabarani vikiandikwa kwa lugha zote mbili. Gustav Thöni, aliyeiletea Italia medali ya dhahabu ya kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya 1972, ni mzaliwa wa Trafoi, kijiji kilicho kwenye barabara hiyo hiyo. Mtoto wa Malindi aliyelelewa kwa Kigiriama, akasoma kwa Kiingereza na kununua mboga kwa Kiswahili, hapaswi kuistaajabia hali hiyo, ila vitabu vyetu vilikuwa vimetuchorea Italia yenye sauti moja tu.

Karibu na Trafoi cheni ya mwenzetu mmoja ilitoka na kukwama kati ya gia na fremu. Mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi mtelemkoni aliweka chini mundu wake mrefu, akaja akalishika tandiko ili gurudumu la nyuma liinuke, nasi tukaizungusha pedali taratibu mpaka cheni ikarudi mahali pake. Alimwagiza mjukuu wake maji kwa Kijerumani, kisha akatugeukia kwa Kiitaliano kilichonyooka, kila neno likiwa na mwisho wake kamili, kwa kuwa naye alikuwa amekipata shuleni kama sisi. Sijawahi kuzungumza Kiitaliano kwa raha kama asubuhi ile. Ndani ya gari tungempita bila hata kumwona.

Kileleni palijaa pikipiki, wauza soseji na upepo wa baridi, hatukukaa. Tuliteremka kwa njia aliyoipita Mwitaliano Fausto Coppi mwaka 1953, Giro d'Italia, mashindano makuu ya baiskeli ya Italia, ilipovuka Stelvio kwa mara ya kwanza, alipomwacha mpinzani wake Hugo Koblet mlimani na kesho yake kutwaa ubingwa wa mashindano hayo kwa mara ya tano. Ng'ambo ya pili ni Lombardia, na huko katika mji wa Bormio fundi wa baiskeli aliyezikagua breki zetu, ambazo zilikuwa zimepata moto, alizungumza Kiitaliano cha kasi kilichochanganyika na lahaja ya kwao, ikabidi tumwombe arudie maelezo yake. Aliyarudia kwa subira, akionyesha kwa kidole raba iliyolika.

Anayekusudia kwenda na apande treni ya bonde la Venosta, iliyofufuliwa mwaka 2005, ashuke kituo cha Spondigna na aanzie Prato. Barabara hufungwa majira ya baridi kwa sababu ya theluji, kwa hiyo Julai au Agosti ni salama zaidi. Achague baiskeli yenye gia nyepesi, abebe koti la kuteremkia hata kama jua ni kali, na aondoke alfajiri kabla pikipiki hazijaamka.