Mbuzi aliyebebeshwa dhambi hakuchinjwa

Kuna mfano wa mahubiri ambao Kwaresima haipiti bila kusikika. Hakimu amemkuta mtu na hatia, sheria inadai viboko, hakimu hawezi kuivunja sheria yake, basi anamwita mwanawe wa pekee achapwe badala ya mkosaji. Waumini wanaitikia amina. Mimi nafundisha vijana wanaojiandaa kwa kipaimara, na mfano huo huniachia kazi, maana vijana hawaitikii amina kirahisi. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa huyo hakimu si mbaya kuliko mwizi?"

Ni swali zuri, na wala si utovu wa adabu. Mwenye kosa anakwenda zake, asiye na kosa anachapwa, na tunaambiwa hiyo ndiyo haki. Zaidi ya hapo, mfano umempasua Mungu vipande viwili: Baba mwenye fimbo upande mmoja, Mwana mwenye huruma upande wa pili, na sisi tumejificha nyuma ya Mwana. Sijui kanisa gani linaungama imani ya namna hiyo, ingawa nyimbo zetu nyingi zinaielekea.

Jibu langu huanzia Walawi 16, sura ambayo wengi huiruka wakiwahi Injili. Ni Siku ya Upatanisho, mwezi wa saba, siku ya kumi. Haruni, kuhani mkuu, haingii na mavazi yake ya fahari. Anaoga, anavaa kitani tupu. Wanaletwa mbuzi wawili na kupigiwa kura, mmoja wa Bwana, mwingine wa Azazeli, jina linalohusishwa na jangwa. Wa kwanza anachinjwa, damu yake inaingizwa ndani ya pazia na kunyunyizwa juu ya kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, na mbele yake. Wa pili yuko hai bado. Haruni anaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa chake, anaungama maovu yote ya Israeli, kisha mbuzi anakabidhiwa mtu wa kumpeleka jangwani. Huyo mtu naye harudi kambini mpaka afue nguo na kuoga.

Huwa nawaambia vijana wasome tena, polepole. Mbuzi aliyebebeshwa dhambi hakuchinjwa. Aliyechinjwa hakubebeshwa dhambi. Damu yake inasafisha patakatifu palipotiwa unajisi na uchafu wa watu, ili Mungu aendelee kukaa katikati yao. Hakuna mahali katika sura nzima ambapo mbuzi anaadhibiwa. Hakuna anayempiga kwa hasira. Na sura inayofuata, mstari wa 11, Mungu anasema: "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu, ili kufanya upatanisho." Nimewapa. Tulidhani sadaka ni kitu tunachompelekea Mungu ili apoe, kumbe yeye ndiye mtoaji.

Ukitoka hapo ukaenda kwa Paulo, hushangai tena anaposema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakuwa amekaa pembeni akisubiri kuridhishwa.

Na misumari? Hiyo ni ya Warumi. Msalaba ulikuwa adhabu yao kwa watumwa na waasi; mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus kuzimwa, watu 6,000 walitundikwa kando ya barabara ya Apio, kutoka Capua hadi Roma. Siku ya Pentekoste Petro anakiri kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu, lakini kusulubisha anakuweka kwenye mikono ya watu wabaya. Kisha anasema Mungu alifanya nini: alimfufua.

Kuna watakaosema nimeanza kuleta mafundisho mapya. Hapana. Kanisa lilibishana juu ya nafsi ya Kristo mpaka likaitisha mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, Nikea mwaka 325 na mingine baadaye, lakini namna kifo chake kinavyotuokoa halikuifungia kwenye maelezo ya aina moja. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alisema shetani alinaswa kama samaki kwa ndoana. Gregori wa Nazianzo, askofu wa wakati huohuo, akakataa kabisa wazo la fidia kulipwa shetani. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury mwishoni mwa karne ya 11, alizungumzia heshima ya Mungu iliyovunjwa na kupaswa kurudishwa. Yeye ndiye hulaumiwa kwa mambo ya fimbo, na anaonewa: kwake ilikuwa ama malipizi, yaani kuirudisha heshima hiyo, ama adhabu, na Kristo alitoa malipizi ili adhabu isiwepo. Fundisho kwamba Kristo aliadhibiwa badala yetu lilishika sura yake kamili karne ya 16, kwa Calvin na wanamatengenezo wenzake.

Mimi silitupi neno "badala yetu". Baraba alitoka gerezani siku ile kwa sababu mwingine alikwenda msalabani, na Marko hakuhitaji kulifafanua. Ninachokikataa ni Mwana kuwa ngao dhidi ya Baba yake. Yesu mwenyewe alisema juu ya uhai wake kwamba hakuna amwondoleaye, bali yeye anautoa mwenyewe.

Yule kijana hakuniachia hapo. Juma lililofuata alikuja na Isaya 53:10 amepigia mstari: "Lakini Bwana aliridhika kumchubua." Nikamrudisha mstari wa 4, panaposema sisi "tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu". Akasema kudhani kwa mstari wa 4 hakuufuti mstari wa 10. Ni kweli, hakuufuti, na mtu asikudanganye kwamba mstari ule ni mwepesi. Tumekubaliana kipindi kijacho tuisome sura yote kwa sauti, tuanzie 52:13 ambako wimbo wenyewe, ule wa Mtumishi wa Bwana anayeteseka, unaanzia, na yeye ndiye atakayeongoza.